MRI, EEG, PET au kinasa sauti? Kuchagua kipimo cha kuchunguza usemi uliovurugika kwenye skizofrenia

Umemuuliza mtu, "Umefikaje hapa leo?" Naye anajibu: "Nimekuja na basi, basi yameisha, mwisho wa reli Kigoma, na kigoma kinapigwa, harusi ya nani hiyo?"

Sentensi hii nimeitunga mwenyewe, haikutoka kwa mgonjwa yeyote, ila aliyewahi kukaa kliniki ya afya ya akili ataitambua. Ukiitazama vizuri, kila kipande kimeshikana na kilichokitangulia. Basi la abiria limegeuka "basi" la kukomesha mambo, kukomesha kukaleta mwisho wa reli, Kigoma ikageuka ngoma, ngoma ikaita harusi. Kilichopotea njiani ni swali lililoulizwa. Eugen Bleuler, daktari wa Zurich aliyeupa ugonjwa huu wa akili jina la skizofrenia mwaka 1908, aliona kulegea huku kwa uhusiano wa mawazo kuwa ndiko kiini chake.

Kama unaandika pendekezo la utafiti la uzamili, au wewe ni mwanaisimu uliyevutwa na jambo hili, utakwama kwenye sehemu ya mbinu: utumie kipimo gani? Kila msimamizi ana mapenzi yake. Naviweka hapa vipimo vitano kando kwa kando, na sentensi yetu ya Kigoma nitaipitisha kwenye kila kimoja. Ndugu wa mgonjwa anayejiuliza kama picha ya ubongo itamsaidia naye nimemwekea neno mwishoni.

Vigezo nitakavyotumia

Cha kwanza ni kile ambacho kipimo kinakiona hasa: umbo la ubongo, damu inayopita, umeme, kemikali, au maneno yenyewe. Cha pili ni kilichokwisha kupatikana juu ya usemi uliovurugika. Tafiti za skizofrenia kwa jumla ni nyingi mno, nyingine hazigusi lugha kabisa, hivyo nimeziacha. Cha tatu ni mzigo kwa mgonjwa, maana huyu ni mtu ambaye huenda anasikia sauti na hapendi kufungiwa. Cha nne ni mfuko na upatikanaji. Cha tano wengi hukisahau: kipimo kinakubaliana vipi na Kiswahili? Sehemu kubwa ya zana hizi zilijaribiwa kwa Kiingereza na Kijerumani, na lugha yetu ina tabia zake.

1. MRI ya umbo

*Kinachoonekana.* Ukubwa na unene wa sehemu za ubongo, kwa picha zinazopigwa na mashine ya sumaku kubwa. Ukibadilisha namna ya kupiga picha, mashine ileile inaweza kufuata mwelekeo wa maji ndani ya nyuzi nyeupe, ukapata ramani ya njia zinazounganisha maeneo mawili ya lugha: eneo la Wernicke, nyuma ya sikio la kushoto, na eneo la Broca mbele. Sentensi yetu haionekani hata kidogo. Unachokiona ni nyumba, na kwa kuitazama unajaribu kukisia mazungumzo ya wenyeji.

*Kilichopatikana.* Safari ilianza na CT, picha ya ubongo inayopigwa kwa eksirei, mwaka 1976, pale Eve Johnstone na Timothy Crow na wenzao walipoonyesha, katika hospitali ya Northwick Park nchini Uingereza, kwamba vyumba vya maji ya ubongo vilikuwa vikubwa zaidi kwa wagonjwa 17 wa muda mrefu. Kwa upande wa usemi, kazi inayotajwa zaidi ni ya Martha Shenton na wenzake, Boston, mwaka 1992. Walipima wanaume 15 wenye skizofrenia na 15 wasio nayo. Kunjo la juu la temporali (eneo la ubongo lililo pembeni, usawa wa sikio), sehemu yake ya nyuma upande wa kushoto, lilikuwa dogo kwa takriban asilimia 15, na kadiri lilivyokuwa dogo ndivyo mvurugiko wa mawazo ulivyokuwa mkubwa. Uwiano ulifika −0.81, ambapo −1 ndio mwisho wake; namba ya kushtua. Kumbuka tu kwamba watu 15 ni wachache, na uwiano mkubwa hivyo kutoka sampuli ndogo huwa unapungua sampuli ikikua. Mradi wa kimataifa wa ENIGMA ulipounganisha picha za wagonjwa 4,474 kutoka vituo 39 mwaka 2018, ulikuta gamba la ubongo limepungua unene karibu kila mahali, hasa mbele na kwenye temporali. Kwa maneno mengine, eneo la usemi halikuwa peke yake.

Kuna jiwe jingine njiani, nalo ni dawa. Mwaka 2011 kundi la Iowa lililofuatilia wagonjwa 211 kwa miaka kadhaa lilionyesha kwamba dozi kubwa zaidi za dawa za saikosisi (hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo) ziliendana na kupungua zaidi kwa ujazo wa ubongo. Mgonjwa wako aliyetumia haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, miaka kumi atakupa picha ya ugonjwa na dawa kwa pamoja, na mashine haitakutenganishia.

*Mzigo.* Kulala kimya dakika kumi hadi thelathini ndani ya tundu lenye kelele. Metali yote hutolewa: vipini vya nywele, shanga za chuma kwenye misuko, hata hirizi yenye kifuniko cha bati. Hilo la hirizi lizungumzeni siku moja kabla, mkiwa na ndugu zake, msingoje mlangoni pa chumba cha mashine.

*Mfuko.* Mashine za tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) zipo katika hospitali kubwa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, lakini foleni ni ya wagonjwa wa ajali na uvimbe, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Huko Mbarara, Uganda, kuna kazi ya miaka kadhaa ya kujenga mashine za sumaku dhaifu za bei nafuu kwa ajili ya watoto wenye maji kichwani. Inatia moyo, ila picha za namna hiyo hazikukusudiwa kupima unene wa gamba kwa sehemu za milimita.

*Kiswahili.* Hapa hakuna shida, kwa kuwa mgonjwa haongei.

*Kinamfaa* anayeuliza swali la muda mrefu, kama vile nini hubadilika tangu kuugua mara ya kwanza, na mwenye uwezo wa kuungana na vituo vingine ili apate idadi ya watu inayotosha.

2. MRI ya utendaji

*Kinachoonekana.* Mabadiliko ya oksijeni kwenye damu ya ubongo wakati mtu anafanya kazi fulani. Seiji Ogawa alieleza msingi wake mwaka 1990. Kasoro yake kubwa ni mwendo: damu huchukua sekunde tano au sita kufikia kilele baada ya seli kufanya kazi. Mtu wetu ameshatoka kwenye basi, amepita reli, yuko harusini, ndipo damu ya lile basi inaonekana.

*Kilichopatikana.* Mwaka 2001 Tilo Kircher na wenzake walifanya jambo la ujasiri. Waliwaacha wagonjwa sita waongee kwa uhuru ndani ya mashine, wakieleza madoa ya wino ya Rorschach kwa dakika tatu kila doa. Kadiri usemi ulivyovurugika zaidi, ndivyo shughuli ilivyopungua kwenye kunjo la juu la temporali la kushoto. Ni eneo lilelile la Boston, na ndiyo maana watu walifurahi. Lakini mwaka 2009 kundi la Bern, Uswisi, lilipima mtiririko wa damu kwa wagonjwa waliotulia bila kazi yoyote, likakuta ukali wa mvurugiko unaendana na damu *nyingi* zaidi kwenye maeneo ya lugha ya kushoto. Chini wakati wa kuongea, juu wakati wa kutulia. Wapo wanaosoma hivi: eneo lenye shughuli nyingi lisipotulizwa hubakiwa na nguvu chache inapohitajika kazi halisi. Ni dhana nzuri, lakini wewe usiiandike kwenye utangulizi wako kana kwamba imeshathibitishwa.

Tahadhari ya takwimu nayo ni ya lazima. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni, mfu, ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, na uchambuzi usiosahihishwa ukatoa nukta zilizowaka kwenye ubongo wa samaki, kwa kuwa ukipima maelfu ya nukta kwa mpigo, baadhi zitawaka kwa bahati tu. Mwaka 2012 walipewa tuzo ya Ig Nobel. Anayekuambia "eneo fulani liliwaka" muulize kwanza alisahihisha vipi.

*Mzigo.* Mkubwa kuliko vyote hapa. Kelele huzidi desibeli 100, kichwa hakitakiwi kusogea, na kuongea ndiko kunakosogeza kichwa. Wagonjwa wenye usemi uliovurugika zaidi ndio huondolewa kwenye data kwa sababu ya kusogea, kwa hiyo unabaki na wale wenye nafuu. Pia sehemu ya mbele ya temporali, inayohusika na maana ya maneno, hupoteza mawimbi kwa kuwa iko karibu na hewa ya sikio na pua. Inasikitisha kidogo: mashine inafifia palepale unapotaka kuangalia.

*Mfuko.* Mashine peke yake haitoshi. Unahitaji kioo au skrini ya ndani, maikrofoni isiyo na metali, mtu wa programu, na saa nyingi za kompyuta.

*Kiswahili.* Kazi za maneno lazima zitungwe upya, na hapa ndipo miradi mingi ya kuazima inapozama. Mfano unaotumika sana vitabuni wa maneno yenye uhusiano wa mbali ni simba na mistari, kwa kupitia chui-milia wa Asia. Sisi tukisikia mistari tunamwona punda milia. Tunga yako: ng'ombe, kisha chai, kwa kupitia maziwa.

*Kinamfaa* mwenye kituo chenye uzoefu tayari, anayeuliza ni *mtandao upi* wa ubongo unaofanya kazi tofauti.

3. EEG

*Kinachoonekana.* Umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa. Hans Berger alitoa rekodi ya kwanza ya binadamu huko Jena mwaka 1924, akaichapisha mwaka 1929. Wakati unaonekana kwa milisekunde, mahali panaonekana kwa makisio. Hiki ndicho kipimo kinachoweza kukaa pale "basi" linapogeuka "basi" na kuuliza: maana zote mbili ziliamka pamoja, au ya pili ilichelewa kufungiwa mlango?

*Kilichopatikana.* Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard waligundua wimbi la N400. Msomaji akikutana na neno lisilolingana na maana ya sentensi, wimbi hasi hupanda takriban milisekunde 400 baada ya neno hilo. Mfano wetu: "Asubuhi alikunywa chai na msumari." Kwa watu wenye skizofrenia, tofauti ya wimbi kati ya neno linalolingana na lisilolingana mara nyingi huwa ndogo, maana yake muktadha haumsaidii msikilizaji kutarajia kinachokuja. Upande wa pili, majaribio ya miaka ya 1990, ya Manfred Spitzer nchini Ujerumani miongoni mwake, yalionyesha kwamba wenye mvurugiko wa mawazo wanaweza kuwa wepesi *kupita kiasi* kwenye maneno yenye uhusiano wa mbali, hasa nafasi kati ya maneno ikiwa fupi. Weka mambo haya mawili pamoja, muktadha uliodhoofika na majirani wa neno walioamka wote, na sentensi ya Kigoma inaanza kueleweka. Kwangu mimi hakuna kipimo kingine kilichokaribia hivi jambo lenyewe, ingawa nakiri nina upendeleo.

*Mzigo.* Mtu anakaa kwenye kiti, ndugu yake yuko karibu, hakuna kelele. Tatizo ni nywele. Vipande vya kupimia vinataka kugusa ngozi ya kichwa, na kofia za vifaa hivi zilibuniwa kwa nywele laini. Misuko, rasta, wigi na mawigi ya kushonea vinazuia. Panga na mshiriki mapema, mlipie msusi ikibidi, na kwa wanawake wa hijabu weka chumba na mpimaji wa kike. Usipofanya hivyo utaishia na sampuli ya wanaume walionyoa, kisha utaandika "wagonjwa" kana kwamba ni wote.

*Mfuko.* Nafuu kuliko MRI kwa mbali. Hospitali nyingi kubwa zina EEG kwa ajili ya kifafa, ingawa ya kliniki yenye njia chache huenda isitoshe kwa utafiti.

*Kiswahili.* Kuna neema na mtego. Neema ni ngeli. Kwa lugha nyingi zilizopimwa, kosa la upatanisho wa kisarufi huleta wimbi jingine, la chanya, karibu milisekunde 600. Kwa hiyo "viti wameanguka" na "viti vimelia" ni makosa ya aina mbili tofauti, na Kiswahili kinakuruhusu kuyatenganisha vizuri ajabu: sarufi imeharibika, au maana imeharibika? Mtego ni urefu wa maneno. Kwenye "hawakunisubiri", ubongo hutambua maana wakati gani? Kiambishi kinakuja kabla ya mzizi, na saa ya jaribio lako lazima ianze mahali unapoweza kupatetea.

*Kinamfaa* anayeuliza kuhusu *hatua* za kuchakata neno, mwenye mfuko mdogo na subira ya kutunga sentensi mia kadhaa.

4. PET

*Kinachoonekana.* Damu au kemikali, kwa kufuatilia dawa yenye mionzi kidogo. *Kilichopatikana:* mwaka 1992 Peter Liddle na wenzake huko London walipima wagonjwa 30, wakaona kwamba kundi la dalili za mvurugiko lina ramani yake ya damu, tofauti na ya njozi na ya kupoa hisia, ikihusisha sehemu za mbele za ndani na eneo la singuleti, lililo katikati kati ya nusu mbili za ubongo. Mashine haina kelele kama ya MRI, ndiyo maana kabla ya kazi ya Kircher watu walirekodi usemi humu. *Mzigo:* sindano na mionzi, jambo linalopunguza mara unazoweza kurudia. *Mfuko:* oksijeni ya mionzi hupungua nusu kila dakika mbili, hivyo kiwanda chake kiwe jirani. Florini ya mionzi hupungua nusu kila takriban dakika 110. Vituo vichache vya Afrika Mashariki vyenye PET vinahudumia saratani. *Kiswahili:* masharti ni yale ya MRI ya utendaji. *Kinamfaa* anayeuliza juu ya dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, jambo ambalo mengine yote hapa hayawezi kumjibu.

5. Kinasa sauti na kompyuta

Utaniambia hiki si picha ya ubongo. Kweli, ila picha zote nilizotaja zinalinganishwa na kipimo fulani cha usemi, na kipimo hicho kikiwa kibovu picha ya mamilioni haitakuokoa.

*Kinachoonekana.* Maneno yenyewe. Nancy Andreasen alitoa mwaka 1979 fasili 18 za aina za mvurugiko, kama kuteleza nje ya mada na kuunganisha maneno kwa sauti. Zilimsaidia pia kuonyesha kwamba mvurugiko huo unapatikana hata kwa wenye mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi, si skizofrenia tu. Leo kompyuta hupima umbali wa maana kati ya sentensi moja na inayofuata. Sentensi ya Kigoma ingepata alama mbaya kwa haki.

*Kilichopatikana.* Mwaka 2015 kundi la New York lilichambua usemi wa vijana 34 walio hatarini. Watano waliugua saikosisi baadaye, na kompyuta iliwatambua wote bila kukosea. Usishangilie bado: watano ni watano. Mwaka 2018, kwa sampuli kutoka Los Angeles, usahihi ulikuwa asilimia 83. Nchini Brazil, kundi la Natal lilichora usemi kama mtandao, kila neno likiwa nukta, likaona wenye skizofrenia wana mitandao iliyokatika zaidi.

*Mzigo.* Mazungumzo tu. Lakini sauti inamtambulisha mtu, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakuhusu.

*Mfuko.* Simu nzuri, maikrofoni, na mishahara ya wanukuzi. Hao wanukuzi usiwapunje, maana ndio utafiti wako.

*Kiswahili.* Hapa ndipo kazi ilipo. Moja ya alama zilizotumika New York ilikuwa matumizi ya maneno ya Kiingereza ya aina ya "which". Sisi tunasema "aliyekuja", kirejeshi kimo tumboni mwa kitenzi, na kompyuta inayohesabu maneno huru haitakiona. Kwenye mitandao ya Brazil, "amekuja", "alikuja" na "atakuja" zingekuwa nukta tatu, na Mswahili mzima wa akili angeonekana amekatika-katika. Tenga mizizi kwanza. Halafu kuna viwakilishi: "alimwambia akaondoka" haisemi ni nani aliyeondoka, wala ni mwanamume au mwanamke, na mtu asiye mgonjwa husema hivyo kila siku. Ukipima utata wa rejeo kwa kanuni za Kiingereza utawapa ugonjwa majirani zako. Na anayechanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng' hajavurugika; ni wa Nairobi.

Zaidi ya hayo, methali, zilizotumika kliniki tangu zamani kupima fikra dhahania, zina mashaka kwetu. "Haba na haba hujaza kibaba" kwa mtu wa pwani ni maneno aliyofundishwa maana yake darasa la tatu. Hapo unapima kumbukumbu ya shule.

*Kinamfaa* mwanaisimu, na yeyote anayeanza.

Kwa hali yako

Una miezi sita na hela ya nauli tu: rekodi usemi, tumia fasili za Andreasen kwa wapimaji wawili wasiojuana majibu, na jenga kipimo cha Kiswahili ambacho wengine watakitumia. Una mwaka mmoja na EEG ya kliniki ya kifafa inayokaa bure alasiri: anza na jaribio moja la N400, sentensi zako mwenyewe, washiriki wenye afya kwanza.

Umealikwa kujiunga na mtandao wa kimataifa wenye MRI: kubali, ila omba kabla ya kusaini kwamba kila mshiriki arekodiwe dakika kumi za mazungumzo siku ileile ya picha, na kwamba dozi za dawa ziandikwe. Bila hayo mawili utabaki na maumbo yasiyo na usemi. Swali lako ni dopamini na una mwenzako ng'ambo: PET, na usilazimishe ifanyike nyumbani. Uko shahada ya uzamivu na swali lako ni mtandao wa ubongo wakati wa kuongea: MRI ya utendaji, huku ukipanga tangu mwanzo namna ya kuwatendea haki watakaosogea. Kwa Tanzania, barua ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ianze kuombwa kabla hujamaliza kutunga sentensi. Hata ukiiwahi, utakuwa bado unatunga.

Na wewe ndugu wa mgonjwa uliyesoma hadi hapa: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachothibitisha skizofrenia kwa mtu mmoja. Utambuzi hufanywa kwa mazungumzo, historia na uangalizi. Daktari akiagiza CT au MRI, kwa kawaida anataka kuondoa mashaka ya kitu kingine, kwa mfano uvimbe, jeraha la kichwa, au ugonjwa ulioanza ghafla na homa au degedege. Mwulize waziwazi anatafuta nini. Na akikuuliza mgonjwa anaongeaje nyumbani, usijibu tu "anaongea vitu havieleweki". Mwandikie sentensi mbili tatu kama alivyozisema, neno kwa neno, na swali ulilokuwa umemuuliza.